Magari ya kale ya Kagera yasiuzwe kwa kilo

Katika uwanja wa shule moja wilayani Muleba, ambayo sitaitaja kwa sababu walimu wake hawakutenda lolote lisilotendwa na wengine, palikuwapo kwa miaka mingi Land Rover ya aina ya 109. Ilikalia mawe manne chini ya mparachichi, haina magurudumu wala taa, na kuku walikuwa wametaga penye kiti cha dereva. Wakati wa mapumziko watoto waliiendesha hadi Mwanza, Kampala na Dar es Salaam, wakipiga honi kwa midomo. Nilipopita tena baada ya muda nilikuta mawe manne peke yake. Nikaambiwa kwamba gari limeuzwa. Nilipouliza limeuzwa kwa bei gani, nilijibiwa kuwa limeuzwa kwa kilo.

Sina ugomvi na aliyelinunua. Biashara ya vyuma chakavu ni kazi halali, na mwenye kuifanya hutafuta riziki yake kama sisi sote. Tena Land Rover ni windo zuri kwake. Gari hilo lilipoanza kuundwa nchini Uingereza mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo waundaji wake wakaamua kutengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa bati la aluminiamu. Ndiyo sababu Land Rover ikinyeshewa miaka thelathini chasisi yake huliwa na kutu, lakini milango yake hubaki. Aluminiamu ya namna hiyo huyeyushwa ikasubiwa sufuria. Yawezekana kabisa, basi, kwamba gari lililobeba karatasi za mitihani na wagonjwa wa kijiji kizima leo linapikiwa maharage mahali fulani. Sufuria ni kitu chema, wala hakuna aibu kwa gari kuzaliwa upya hivyo.

Ugomvi wangu ni kuhusu daftari. Hapakuwa na mtu shuleni hapo aliyeweza kunieleza gari lile liliundwa mwaka gani, lilitolewa na wizara gani au shirika gani, dereva wake wa kwanza alikuwa nani, wala lilisimama lini na kwa ubovu upi. Lilikuwa mali ya umma. Lilinunuliwa kwa fedha za kigeni zilizotokana na jasho la mkulima wa kahawa au pamba. Lilitumika, likachoka, likaondoka, na hakuna mstari mmoja ulioandikwa. Tungemfanyia hivyo mtumishi aliyestaafu, tungeitwa watu wasio na shukrani.

Kwa sababu hiyo napenda kutoa pendekezo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona geni. Wakazi wa Bukoba na Muleba, na hasa watumishi wa serikali, walimu na mafundi wa gereji, hawana budi kuunda klabu ya magari ya kale ya mkoa wa Kagera. Naiita klabu, maana neno chama katika gazeti hili lina mwenyewe.

Najua picha inayomjia msomaji anaposikia maneno hayo. Anamwona bwana mmoja tajiri, amevaa kofia na miwani ya jua, ameketi katika gari jekundu linalong'aa, na nyuma yake wamefuata mabwana wengine wa namna hiyo hiyo wakienda kunywa mahali pa gharama. Picha hiyo haikutoka hewani. Huko Uingereza, kila mwaka mwezi wa Novemba, magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905 huondoka London alfajiri kwenda Brighton, mji wa pwani ulio umbali wa kilometa zipatazo 95, kukumbuka msafara wa mwaka 1896 uliosherehekea sheria mpya iliyoruhusu motokaa kwenda maili 14 kwa saa badala ya 4. Jirani zetu wa Nairobi wamekuwa na maonyesho yao ya uzuri wa magari, Concours d'Elegance, tangu mwaka 1970, ambapo waamuzi huchungulia hadi chini ya zulia kutafuta vumbi. Na tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo katika baadhi ya miaka yamepita pia katika barabara zetu za kaskazini. Kuyaingia kunahitaji fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuziota.

Lakini hata Safari yenyewe haikuwa mali ya matajiri peke yao katika fikra za wananchi. Ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ingawa waliianzisha walowezi kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wao, haikuchukua muda watu wa Afrika Mashariki wakaifanya yao. Mwaka 1965 aliishinda Joginder Singh wa Kenya, ambaye alikuwa fundi kwa kazi yake, akiwa na Volvo iliyokwisha tumika. Mwaka 1966 na tena 1967 aliishinda Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, katika Peugeot 404. Peugeot ya namna ile ile, japo haikuandaliwa kwa mashindano, ndiyo iliyowapeleka wengi wetu harusini na hospitali. Watu walisimama kando ya njia usiku kucha kuona magari yakipita, na kesho yake wakabishana juu ya klachi na springi kama wanavyobishana leo juu ya Simba na Yanga. Ulikuwa ujuzi wa umma.

Katika hayo ya kimataifa liko jambo moja ambalo nataka tulitazame vizuri. Shirikisho la dunia la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, limeweka maana ya gari la kihistoria. Sharti la kwanza ni kwamba lisipungue umri wa miaka 30. La pili ni kwamba liwe limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Na la tatu ni kwamba lisiwe linatumika kwa usafiri wa kila siku. Masharti mawili ya kwanza hayana ubishi. Hili la tatu ndilo linalotutoa sisi nje ya mlango. Kwa Mzungu wa Brighton gari la kale ni lile lililopumzishwa. Kwetu Kagera gari la kale, kama lingali hai, basi hubeba ndizi. Likiwa halibebi ndizi hubeba mchanga, au kahawa, au mawe ya msingi wa zahanati. Haliwezi kupumzika kwa sababu mwenyewe hana jingine. Kwa kanuni ya FIVA lori lenye umri wa miaka hamsini linalopanda bado na mzigo kutoka Muhutwe hadi Kamachumu halihesabiwi kuwa kitu cha kihistoria, bali lililofungiwa bandani huko Ulaya ndilo lenye historia. Mimi nasema kinyume chake. Hapana gari lenye historia zaidi ya lile ambalo bado linaiandika.

Tukikubaliana na hilo, sura ya klabu ninayoipendekeza hubadilika yenyewe. Haitakuwa klabu ya kung'arisha. Itakuwa klabu ya kujua.

Mjini Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, yamo magari ya kale yaliyohifadhiwa vizuri. Limo Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni jambo la kheri kwamba yapo, na kila mwalimu anayepeleka wanafunzi wake huko awaonyeshe. Hata hivyo mtu anaweza kuuliza: je, nchi hii ilijengwa na Rolls-Royce? Magavana walipanda magari hayo kwenda kwenye sherehe. Kahawa haikupanda humo. Wala mwalimu mpya hakupelekwa kituoni pake kwa Rolls-Royce, wala dawa za ndui, wala masanduku ya kura. Vitu hivyo vilibebwa na Bedford, na Land Rover, na baadaye Toyota Stout yenye mabenchi mawili nyuma, na siwezi kusema kwa hakika kwamba yupo mtu aliyekwisha kutengewa kazi ya kuhifadhi hata moja ya aina hizo kwa ajili ya mkoa wetu.

Nasi Kagera tunayo mengi ya kuhifadhi kuliko mikoa mingi. Kwa muda mrefu njia kuu ya kuifikia Bukoba kutoka sehemu nyingine za nchi ilikuwa ziwa. Walioishi zama za meli za Usoga na Rusinga, na kisha MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, wanakumbuka jinsi kuwasili kwa meli kulivyokuwa kuwasili kwa kila kitu: barua, sukari, wanafunzi, na mara chache gari. Gari likifika lilikuwa limefika. Halikuwa na njia rahisi ya kurudi kwa matengenezo, na mvua za Bukoba, ambazo kwa mwaka ni milimita zipatazo 2,000, zililipokea siku ile ile. Lililoweza kuishi hapa liliweza kuishi popote.

Kilicholiita gari hapa kwanza ni kahawa. Chama cha ushirika cha Bukoba, BNCU, kilichoanzishwa mwaka 1950, kilikusanya kahawa kutoka vyama vya msingi vilivyotawanyika vilimani, na vilima hivyo msomaji anavifahamu. Hakuna ushirika pasipo lori. Mkulima wa Nshamba au Kamachumu alimfahamu dereva wa ushirika kama alivyomfahamu padri au mchungaji wake, na pengine alimngoja kwa hamu zaidi, maana lori likichelewa malipo huchelewa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, mali zao zikaingia mikononi mwa mamlaka nyingine, magari yakiwamo. Na ushirika uliporudi katika miaka ya 1980, mengi ya magari hayo yalikuwa yamekwisha chakaa. Wanachama wa KCU ya leo hawana mahali wanapoweza kumwonyesha mtoto lori na kumwambia, hili lilinunuliwa kwa kahawa ya babu yako. Hilo ni pengo katika elimu ya ushirika, wala halizibwi kwa semina.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, na kabla mwezi haujaisha majeshi yake yaliingia kaskazini mwa mto Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Taifa lilipoamua kumwondoa mvamizi, malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kote nchini kubeba askari na vyakula vyao. Historia ya vita hivyo imeandikwa kwa upande wa makamanda, vikosi na mizinga. Dereva wa raia aliyeambiwa jioni kwamba kesho anaelekea mpakani na lori la bia, akaenda, hajaandikwa. Yaliyorudi yalirudi na matundu. Mengine hayakurudi. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera mwaka 1979 kwa sababu ya vita hivyo, lakini gari moja lililovuka mto wakati ule, likiwa na maelezo yake yaliyothibitishwa na waliolipanda, hatuna la kuonyesha.

Baada ya vita tukafunga mikanda. Fedha za kigeni zilikauka, mafuta yakawa ghali, vipuri vikawa hadithi. Vijana wa leo huona ajabu wakiambiwa kwamba kwa miaka kadhaa ilikuwa marufuku kuendesha gari la binafsi siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. (Klabu ninayoipendekeza ingekuwapo wakati ule, matembezi yake yote yangekwisha kabla ya chakula cha mchana.) Dar es Salaam wananchi walipanda malori ya wazi yaliyoitwa chai maharage. Bukoba na Muleba walipanda chochote kilichokuwa na magurudumu.

Hapo ndipo fundi wa Kagera alipokuwa profesa. Bushi alizichonga kutokana na tairi lililochakaa. Gasketi alizikata kwa mkono kutoka katika karatasi ngumu, akafuatisha alama ya grisi. Springi iliyovunjika haikutupwa, ilikatwa na kuungwa, na kipande kilichobaki kikawa panga. Alisikiliza injini kama tabibu asikilizavyo kifua, akasema pistoni ya tatu, na ikawa ni ya tatu. Alifanya yote hayo bila kitabu, na kama kitabu kilikuwapo basi kilikuwa cha Kiingereza na kimepotea kurasa. Mafundi hao walikuwa wahandisi wa kweli, na taifa liliwaita mafundi wa vichochoroni.

Wengi wao wamekwisha fariki. Waliobaki ni wazee, na vijana wanaojifunza ufundi leo wana haki ya kujifunza magari ya leo, ambayo ubovu wake huonekana kwenye kioo cha kompyuta. Sisemi warudi nyuma. Nasema kwamba kijana wa chuo cha VETA aliyepata kufungua kabureta kwa mikono yake, akaiona petroli ikichanganyika na hewa, huielewa kompyuta hiyo kuliko yule aliyeanza nayo. Injini ya Land Rover ya kale ni darasa lililo wazi: kila kitu kinaonekana, kila kitu kinafunguka kwa spana chache, na ukikosea hapana moshi wa siri. Klabu ikiwapo, mzee mmoja akipewa kiti, injini moja na vijana sita kila Jumamosi, tutakuwa tumepata chuo bila kujenga ukuta.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa katika mkoa ambao bado una vijiji visivyo na gari la wagonjwa. Nayaheshimu maoni hayo, na kama pendekezo langu lingehitaji shilingi moja kutoka katika bajeti ya zahanati ningeliondoa leo. Halihitaji. Linahitaji karatasi, kalamu na mafuta ya safari moja kwa mwaka ambayo kila mwenye gari atajinunulia. Wengine watasema kwamba tunatukuza vyombo vya mkoloni. Kwa hao nina jibu fupi: reli pia ilijengwa na mkoloni, na hakuna aliyependekeza tuing'oe tuiuze kwa kilo. Chombo hupata uraia kwa kazi yake. Wako pia askari wa usalama barabarani, ambao wataniuliza habari za breki, na hao wana haki. Gari lisilo na breki halina historia ya kutosha kulipa ruhusa ya kuingia barabarani, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuweka msamaha kwa uzee.

Sasa niseme na watumishi wenzangu, maana jambo lenyewe liko mezani petu kuliko tunavyodhani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo inayolinda malikale za nchi hii. Ni sheria nzuri, na imetuokolea mengi. Lakini vitu vinavyohamishika inavyovihesabu kuwa vya kale kwa umri wake ni vile vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Karl Benz alipata hataza ya motokaa yake mwaka 1886. Kwa maneno mengine, sheria inalinda vitu vilivyokuwapo kabla gari la kwanza halijazaliwa duniani, hivyo hakuna gari hata moja, liwe la gavana au la ushirika, linaloweza kulindwa kwa umri wake. Sipendekezi kwamba Bunge liache kazi zake likatunge sheria ya Bedford. Naonyesha tu kwamba asitazamiwe mtu wa kutoka Dodoma kuja kutuzuia tusiharibu vya kwetu.

Kinachotazamiwa ni utaratibu wa kawaida wa kufuta mali chakavu. Gari la serikali likichakaa hukaguliwa, na siku hizi mafundi wa TEMESA hutoa taarifa ya hali yake. Kibali kikipatikana linapigwa mnada na kufutwa katika daftari. Utaratibu huo umewekwa kuzuia wizi, na ni sahihi. Unauliza gari lina thamani ya shilingi ngapi. Hauulizi lilifanya nini. Afisa ugavi anayejaza fomu hizo anaweza, kwa hiari yake na bila kuvunja kanuni yoyote, kuongeza karatasi moja: aina ya gari, mwaka wa kuundwa, namba zake zote tangu ya kwanza, idara zilizolitumia, majina ya madereva wanaokumbukwa, na picha mbili. Karatasi hiyo ikifanywa nakala mbili, moja ikabaki katika jalada na nyingine ikapelekwa katika maktaba ya mkoa, tutakuwa tumeokoa zaidi ya nusu ya gari hata kama mwili wake umekwenda kusubiwa.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Katika somo la Historia tunawafundisha watoto vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, malikale. Kisha tunawapa mfano wa Olduvai, ambao uko mbali, wakati nyuma ya choo cha shule liko trekta au lori ambalo babu wa mmoja wao aliliendesha. Mwanafunzi akatumwa nyumbani na maswali kumi, akarudi na majibu ya babu, tayari amekwisha kuwa mwanahistoria. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitufundisha jinsi majengo ya Ihungo, yaliyoonekana ya milele, yalivyoweza kuanguka katika muda wa kuvuta pumzi. Magari huanguka polepole, boneti mwaka huu, mlango mwaka ujao, na kwa kuwa hakuna kishindo hakuna anayegutuka.

Lipo pia jambo la soko, ambalo wenye magari hayo wanapaswa kulijua kabla hawajadanganywa. Kiwanda cha Land Rover kilisimamisha uundaji wa gari lake la umbo lile la zamani mwezi wa Januari 2016, na tangu hapo yaliyopo yamezidi kutafutwa ulimwenguni. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini humo bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Maana yake ni kwamba bwana wa ng'ambo anaweza kulipa fedha nyingi kwa kile ambacho sisi tunakipima kwenye mizani ya vyuma. Mjane aliyeachiwa gari bovu na mumewe anastahili kuambiwa hivyo na mtu anayemtakia mema. Akiamua kuuza, auze kwa bei ya haki. Klabu yenye katibu anayejua kusoma namba ya chasisi ingemfaa mjane huyo kuliko madalali kumi.

Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover nyingi zilikusanyika Arusha kwa lengo la kuvunja rekodi iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 ya msafara wa magari 632. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote, na waliolifikiria jambo lile walitangaza utalii na wakaonyesha kwamba nchi hii ni makao makuu ya gari hilo. Ila kwa maoni yangu kuhesabu ni hatua ya kwanza tu. Ningependa kuona siku moja msafara wa magari ishirini tu, lakini kila moja likiwa limebandikwa mlangoni karatasi inayoeleza lilikotoka, kazi lililofanya na nani aliliendesha, na waliowahi kulipanda wakiwa wamealikwa kulisindikiza.

Msafara huo Kagera tunaweza kuufanya. Wakati unaofaa ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, kabla ya mvua za vuli, na kabla ya senene, maana senene wakianza kushuka hakuna Mhaya atakayebaki barabarani kuangalia gari. Magari yaondoke Bukoba kando ya ziwa asubuhi, injini zikiwa bado baridi, yapande Rwamishenye polepole ili yale yasiyoweza yajulikane mapema na yasiabishwe mbele ya wageni. Yapite Kemondo, ambako bandari iko jirani na wazee waliofanya kazi gatini wangali na mengi ya kusema. Muhutwe yaachane na barabara kuu na kushika njia ya Kamachumu, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo kahawa iliijua. Kamachumu pawe na kituo kirefu, chini ya miti, boneti zifunguliwe, wanafunzi waulize na mafundi wajibu. Kisha Muleba jioni, baada ya mwendo ambao basi la leo huumaliza kabla abiria hajasinzia.

Malori yaruhusiwe kuja na mizigo yake. Mwenye lori ambaye hawezi kupoteza siku ya kazi apakie ndizi zake Kamachumu kama kawaida na kuziuza Muleba, naye ahesabiwe kuwa ameshiriki kikamilifu. Kiingilio kisizidi kile ambacho mwalimu anaweza kukitoa bila kumwomba mkewe radhi. Uongozi wapewe madereva wastaafu na mafundi, na wenye magari ya kung'aa wakaribishwe kama wanachama wa kawaida. Na kila gari la zamani lije na utingo wake, aliyezoea, akiwa na gogo lake la kukingia gurudumu, maana kutoka Kamachumu kuteremka kuna kona ambazo hata breki mpya hazipendi kuzikuta ghafla.